Mtoto aliyezaliwa siku ya Idd: siku yake tuiadhimishe lini?

Mama Wawili, Chumbageni:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Kifungua mimba wangu alizaliwa asubuhi ya Idd el Fitri, Novemba 2005, takbira zikisikika hadi wodini. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyempokea mikononi siku ile, hajapata kuihesabu tarehe ya cheti. Kwake yeye mjukuu huongeza mwaka Idd Mosi inapoingia, na kila Idd humpikia mkate wa kumimina wa peke yake, wenye iliki nyingi, uliookwa kwa makaa ya chini na ya juu. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko ule wa jua, Idd imerudi nyuma hadi Machi mwaka huu wa 2026, na kwa hesabu ya bibi kijana amekwisha kutimiza miaka 21, ilhali kwa cheti ana 20 mpaka Novemba.

Kijana anasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mdogo wake wa kike yuko Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa hiyo Novemba nyumba huwa tupu. Wanapokutana hapa, kila mmoja anatetea timu ya chuo chake kuanzia futari hadi usiku. Idd hii kijana alivaa fulana ya chuo ndani ya kanzu nyeupe, ukosi wake ukachungulia shingoni. Bibi aliuona alipokuwa akimpa mkono wa Idd, akanyamaza, nami nikajua kuwa hakupendezwa. Naomba ushauri: tushike siku ipi, na fulana hizi tuziwekee utaratibu gani?

Mzee wa Ngamiani:
Wa aleikum salaam, mwanangu. Shikeni Idd, kwa sababu ndiyo siku ambayo bibi na wajukuu wanakaa kwenye mkeka mmoja. Novemba mpigie simu umwombee dua, yatosha. Siku hizo mbili zitakaribiana tena miaka 32 au 33 tangu alipozaliwa, yaani karibu na 2038, na Inshallah atakuwa na watoto wake wa kuwasimulia.

Kuhusu fulana, mimi nimekulia nyumba iliyogawanyika. Baba alikuwa Coastal Union, mjomba alikuwa African Sports, timu mbili za mpira za hapa Tanga, na wote wawili walikwenda uwanja wa Mkwakwani kwa baiskeli moja, mmoja akiendesha na mwingine akikaa nyuma. Mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi, mjomba ndiye aliyemletea baba halua. Walikuwa na sharti moja tu, kwamba mbele ya sinia la chakula timu haitajwi. Waambie wanao wavae fulana baada ya swala ya alasiri, wageni wakishaondoka.

Binti wa Pangani:
Nami niongeze kidogo. Dada yangu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1998, na mwaka mmoja baadaye, siku aliyokuwa akitimiza mwaka, Mwalimu Nyerere akafariki London. Tangu hapo familia yetu hukata keki jioni ya tarehe 13.

Mgosi wa Ann Arbor:
Shikamoo Mzee wa Ngamiani. Mama Wawili, mimi ni mtu wa Raskazone ninayeishi Marekani, na binti yangu alizaliwa tarehe 27 Novemba. Siku ya Shukrani huku huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na mwaka 2025 iliangukia tarehe hiyo hiyo. Jumamosi inayofuata, Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho rangi zake ni buluu na njano ya mahindi, kilicheza na chuo kikuu cha Ohio State mchezo wa mpira wa Kimarekani, katika uwanja unaoingiza watu zaidi ya 100,000. Mwanangu mkubwa yuko Michigan, mdogo wake yuko Ohio State. Ohio ilishinda 27 kwa 9, baada ya kufungwa miaka minne mfululizo, na yule mdogo alilia kwa furaha sebuleni huku kaka yake akimshika bega.

Alhamisi ile hakuna aliyegusa jezi. Tulikata keki kwanza, ndipo tukala bata mzinga kwa pilau, na binti akapata siku yake nzima. Mwaka 2027 tarehe 27 itakuwa Jumamosi, na tumekwisha kumwahidi kuwa asubuhi ni yake.

Mama Wawili, Chumbageni:
Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimemsomea mama mkwe majibu yenu yote, naye ameridhia sharti la alasiri bila kusita. Ameomba jambo moja tu: binti wa Dodoma naye apikiwe mkate wake Idd hiyo hiyo, ingawa alizaliwa mwezi wa Sita.