Mahamri au mahamuri, mtuzi au mchuzi: ulimi ukae wapi?

Mgeni_wa_Likoni
Salaam aleikum wenyeji. Natayarisha sauti za kufundishia mapishi ya Mombasa, na kila neno la jikoni lina watu wawili wanaolivuta huku na huku. Yanayonikwamisha: mahamri/mahamuri, kaimati/kalimati, mtuzi/mchuzi, thomu/saumu, na kaa wa baharini, ambaye naambiwa namwandika sawa lakini simtamki sawa. Sitafuti mshindi. Nataka nitamke vile mpishi wa Mji wa Kale atakavyonielewa.

Sinia_la_Kibokoni
Waaleikum salaam. Tuanze na mahamri. Neno ni la Kiarabu, khamir, yaani chachu. Hamira ni ndugu yake. Kwetu m hufunga silabi: ma-HAM-ri, silabi tatu, mkazo kwenye HAM. Ukitia u katikati silabi zinakuwa nne na mkazo unahama: ma-ha-MU-ri. Kinachokwaruza sikio la Mombasa ni kule kuhama kwa mkazo zaidi ya ile u yenyewe. Tazama mishkaki: wako wanaosema mishikaki, lakini mkazo unabaki kwenye KA kotekote, na sijaona watu wakibishana kwa hilo.

Kaimati ni ka-i-MA-ti, silabi nne kamili. Kosa ni kuikunja "kai" kuwa silabi moja. Kalimati ni ya Unguja, na zote mbili zimetoka kwenye luqaimat ya Waarabu, kwa hivyo usimsahihishe Mzanzibari.

Bi_Mtuzi
Mwanangu, hiyo t ya mtuzi na mtele (mchele) ndiyo yenye kazi. Si t ya "mtu". Kwenye "mtu" ncha ya ulimi hugusa ufizi. Kwenye mtuzi huja mbele mpaka nyuma ya meno ya juu, iyaguse hasa. Usiache hewa ipenye, itageuka th. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kina t hizo mbili na zinabadilisha maana: kuteka maji ni kwa ufizi, kuteka kwa furaha (wenzetu husema kucheka) ni kwa meno. Mgeni akisoma mtuzi kwa t ya ufizi hasemi Kimvita wala sanifu.

Na m isimame peke yake: m-TU-zi. Ukisema "mutuzi" umeongeza silabi. Mbaazi ni kinyume, mb hapo ni sauti moja: mba-A-zi, a mbili zisikike.

Kalamu_Sanifu
Juu ya ulimi nakubaliana na Bi Mtuzi. Juu ya maandishi, hapana. Mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, ndiyo maana vitabuni tuna mchele na mchuzi. Alfabeti yetu ina t moja tu, kwa hivyo ukiandika "mtuzi" msomaji wa Dodoma ataisoma kwa ufizi. Andika mchuzi, tamka mtuzi.

Ila kwa thomu nasimama na Mombasa. Asili ni thum, na th ni ile ya thelathini. "Saumu" imegongana na saumu ya kufunga, ambalo ni neno jingine kabisa.

Dania nayo watu huisoma kwa dh ya dhahabu kwa sababu wameiona imeandikwa "dhania". Hiyo h ni ya Kihindi: ni d yenye pumzi nyuma yake. D ya kawaida iko karibu zaidi na asili.

Bi_Mtuzi
Kalamu, mtu akisoma mchuzi huku anasikia mtuzi atadhani sauti imekosewa. Ziandikwe zote mbili, moja chini ya nyingine.

Sasa kaa. Kata ukanda wa karatasi nyepesi, upana wa vidole viwili, uning'inize mbele ya midomo. Sema kaa la moto: karatasi itulie. Sema kaa wa baharini: k itoke na pumzi, karatasi itikisike. Kanuni ya Kimvita: jina linaloanza na k, p au t likichukua ma- kwenye wingi (kaa la moto, makaa), halina pumzi. Lisilobadilika kwenye wingi, kama kaa wa baharini, kuku, kunde na papa, lina pumzi. Wageni wengi hupuliza kote au hawapulizi popote, ndipo kaa wa kupika anapogeuka kaa la kupikia.

Mgeni_wa_Likoni
Ahsanteni sana. Nimejaribu: kuku na kunde zinatikisa, tango limetulia. Na papai?

Bi_Mtuzi
Mapapai. Karatasi itulie.