Tupeane uzoefu: Mliorudia kuangalia Rubí ukubwani, bado mnamchukia?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za muda huu. Nimeanza kuirudia Rubí, ile tamthilia ya Mexico ya 2004 aliyocheza Bárbara Mori, vipindi vyote 115, na naona mambo ambayo utotoni yalinipita kabisa.

Kwa waliosahau: Rubí Pérez anatoka familia maskini, anaishi na mama yake Refugio na dada yake Cristina. Cristina ndiye anayehangaika na kazi ili mdogo wake asome chuo cha watoto wa wenye nazo. Huko chuoni Rubí anashibana na Maribel, binti wa tajiri, mwenye mguu wa bandia. Anampenda daktari Alejandro, akigundua hana fedha anamtosa. Kisha anatoroka na Héctor, mchumba wa Maribel, siku ileile ya harusi yao.

Enzi hizo sebule nzima ilikuwa inamlaani. Sasa kinachonikera ni namna umaskini wake ulivyotumiwa. Tunaonyeshwa alivyochoka kuishi kwa kubana, halafu uchovu huohuo unageuzwa ushahidi kwamba ana roho mbaya. Cristina ni mwema kwa sababu hataki kitu. Yaani maskini akiridhika ni malaika, akitamani ni shetani. Ikumbukwe hadithi hii ni ya zamani, Yolanda Vargas Dulché aliitunga kwenye majarida ya katuni miaka ya 1960, na mwaka 1968 tayari ilikuwa tamthilia, Fanny Cano akiwa Rubí. Mawazo ya wakati ule yamebaki humo humo.

Simtetei kwa alichomfanyia Maribel. Nataka visa vyenu: nani humu aliwahi kuwa Rubí, au kuumizwa na Rubí wake?

Mchangiaji wa kwanza

Nilisoma kwa ufadhili na watoto wa matajiri. Rafiki yangu mkubwa alikuwa ananigawia nguo, tena nzuri, nyingine hazijavaliwa. Tatizo ni kwamba nikizivaa, anayesifiwa ni yeye. "Umempendezesha mwenzio!" Mbele yangu, kama vile mimi ni sanamu ya dukani.

Sikumchukulia mchumba, wala sikuwahi kumfanyia ubaya wowote. Lakini kuna siku alifeli mtihani nikafurahi hadi nikajiogopa. Kwa hiyo nikimwona Rubí anamtazama Maribel kwa jicho lile, najua limetoka wapi. Maribel ni mwema, sikatai. Ila kupokea kila siku bila kuwa na cha kurudisha kunachosha, na anayetoa huwa haoni.

Mchangiaji wa pili

Mimi ndiye Maribel, na mniwie radhi, huu uzi umenipandisha presha.

Rafiki niliyekula naye sahani moja alinichukulia mchumba mahari ikiwa imeshapokelewa. Na yeye alikulia kwenye shida, kila mtu alijua. Nilikulia kwenye shida vilevile! Sasa mbona mimi sikuiba wa mtu? Mnaposema "tuangalie alikotoka", sisi tuliobaki na gauni kabatini tuangalie wapi?

Hata hivyo kuna jambo nalikubali, tena nashangaa mwanzisha uzi umelipita. Héctor. Mtu mzima, msomi, hakufungwa kamba. Kwangu pia ilikuwa hivyohivyo: ndugu walimwita rafiki yangu mchawi miaka na miaka, ila yule mwanaume mwaka haukuisha akawa anaalikwa kwenye shughuli zetu, anapewa kiti cha mbele. "Alipotezwa akili." Akili gani hiyo inayopotea upande mmoja tu?

Mchangiaji wa tatu

Mimi bado namlaani. Endeleeni.

Mchangiaji wa nne

Natumia mguu wa bandia tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo tamthilia hii niliifuatilia kwa sababu ya Maribel. Ilikuwa nadra kumwona mtu kama mimi akipendwa kwenye runinga, na mwishoni anaolewa na Alejandro mwenyewe.

Halafu kikaja kipindi cha mwisho. Rubí anaanguka, uso unabaki na makovu, mguu unakatwa. Sebuleni ikapigwa shangwe. Mjomba akasema, "Mungu si Athumani!" Watu wakacheka, kisha mmoja baada ya mwingine wakakumbuka kwamba nimekaa pale pale kwenye mkeka. Mama akauliza nani anataka chai.

Nyie mnajadili umaskini, mimi hili ndilo linalonikaa kooni. Kukosa mguu kwa Maribel ni mtihani uliomfanya awe na moyo safi. Kwa Rubí ni hukumu. Hakuna sehemu ambapo ni mguu tu, wa mtu anayetaka kwenda sokoni na kurudi. Wangemfunga jela kwa hila zake ningeelewa. Waliamua wamwadhibu kwa kumfanya afanane na mimi.

Mchangiaji wa pili

Mdau uliyetangulia, hilo sikuwahi kuliwaza. Pole, na huyo mjomba naye!

Mchangiaji wa tano

Mliona ile ya 2020 ya Camila Sodi? Mwandishi wa habari anamfuata Rubí nyumbani, na Rubí mwenyewe ndiye anayesimulia maisha yake. Nilifurahi kwamba safari hii kapewa mdomo. Lakini nikajiuliza, mwongo akijisimulia, utamkamata wapi?

Mimi huruma yangu yote iko kwa Fernanda, mtoto wa Cristina. Ile ya 2004 inaisha mama yake mdogo akiwa ameshamtengeneza aende kumwangamiza Alejandro. Binti hana ugomvi na yule mzee, karithishwa.

Nimelelewa na mama mdogo aliyewahi kuachwa na mtu wa kipato kidogo ambaye yeye ndiye alikuwa akimtunza kwa miaka. Hajanituma kumlipizia kisasi mtu, ila kila mwanaume niliyempeleka nyumbani alihojiwa kazi na mshahara kabla ya kuulizwa jina. Mume wangu alijibu kwamba hana kazi kwa sasa. Mama mdogo akainuka na sahani ya wali aliyokuwa amempakulia.

Mwanzisha uzi

Nimecheka kwa sauti hapa! Ilikuwaje sasa, mkala wapi?

Mchangiaji wa tano

Alikula yangu.