Mwanangu wa miaka sita: skuli ya Montessori au nimsomeshe mwenyewe nyumbani?

Mshona Kofia, Fuoni

Assalaam alaykum. Naombeni mawazo, maana usiku usingizi hauji.

Mwanangu wa kiume katimiza miaka sita mwezi wa Shaaban. Chuoni kwenye Kurani hana tabu, yuko juzuu ya pili. Tabu ni skuli. Mwaka jana darasani kwao walikuwa watoto themanini na tatu, wengine chini kwenye mkeka, na kila asubuhi nikimvisha sare anang'ang'ania nguzo ya kitanda. Hakupigwa, sitaki kumsingizia mwalimu wake. Mtu mmoja kwa watoto wote wale afanye nini? Lakini siku moja kaniambia, "Mama, mie nikinyoosha mkono sionekani." Nikamtoa.

Upande wa Mbweni kuna skuli binafsi ya mfumo wa Montessori, ule wa mtoto kujifunza kwa kushika vitu mwenyewe. Nimekwenda kuiona. Chumba kimoja kina watoto wa miaka mitatu hadi sita, kila mmoja na kimkeka chake. Huyu anamimina maji toka jagi hadi jagi, yule anapitisha kidole juu ya herufi za msasa. Mwanangu alikaa kwenye shanga za kuhesabia karibu nusu saa, hata hakunitafuta. Nilitamani kulia. Ada ni laki saba kwa muhula, na kwenda ni gari mbili.

Njia ya pili ni nyumbani. Mie nashona kofia za viua, nipo ndani kutwa. Nimemaliza Form Four. Baba yake yuko hotelini Nungwi, huja siku moja kwa wiki. Nawaza asubuhi nimsomeshe, jioni aende chuoni na wenziwe. Mama mkwe hataki hata kulisikia hilo. Nisaidieni.

Mwalimu Mstaafu, Wete

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Nimesomesha madarasa ya chini miaka thelathini na moja, na hilo la mkono usioonekana limenichoma, kwa sababu najua ni mikono mingapi nami sikuiona.

Nikuulize jambo moja. Chumba ulichokiona ni cha miaka mitatu hadi sita. Wako keshatimiza sita, chumba chake si kile tena. Maria Montessori alianza Roma mwaka 1907 na watoto wadogo kabisa wa mtaa wa maskini, na skuli nyingi zilizochukua jina lake zina vifaa kamili kwa umri huo tu. Wa sita hadi tisa wanahitaji chumba chao, vifaa vyao na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Rudi, uwaambie: nionesheni anapokaa mtoto wa miaka saba. Wakikuonesha madeski yaliyopangwa mistari na ubao mbele, basi unanunua skuli ya kawaida kwa laki saba. Nenda saa tatu asubuhi siku ya kazi, usiende siku waliyoandaa wageni. Na waulize watoto wao wakimaliza darasa la sita huenda wapi.

Mambo haya wala si mageni kwetu. Skuli za maandalizi za madrasa zilipoingia Unguja mwaka 1990, zikitokea Mombasa, tuliona watoto wakihesabu kwa kete za pwani, vifuu na kokwa za maembe, wamekaa vikundi vikundi. Vitu hivyo hata nyumbani kwako vipo.

Baba wa Watatu, Bububu

Dada, mie nimeifanya hiyo ya nyumbani, nitakwambia ilivyokuwa.

Skuli zilipofungwa Machi 2020 nilimkalisha binti yangu wa miaka saba, na zilipofunguliwa nikaendelea naye mwaka mzima. Kusoma hakukuwa kazi. Kiswahili chetu kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishika ba be bi bo bu, baada ya miezi michache anasoma mfuko wa unga na kibao cha daladala. Hesabu tulifanya kwa mchele, vibaba vinne pishi moja, mpaka akawa anagawa bila kupima.

Kilichonishinda ni muda. Mteja akija dukani, somo linakatika. Nawe una sindano mkononi, na kofia ina tarehe yake. Nilidhani nitasomesha saa nne kwa siku, nikawa napata saa moja na nusu. Kilichomshinda yeye ni upweke wa asubuhi: wenziwe wakipita na mikoba anakaa barazani kuwatazama.

Halafu nilipomrudisha skuli walimpima, wakamweka darasa la chini yake, kwa kuwa sikuwa na ripoti hata moja. Kama utasomesha nyumbani, weka mabuku yake yote yenye tarehe, na kabla hujaanza nenda Wizara ya Elimu ukaulize, kwa sababu kwetu elimu ya msingi ni lazima kisheria. Mtihani wa Form Four wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, anaweza kuufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila asiyepita Form Two ya skuli hutakiwa afaulu kwanza mtihani wa maarifa, ule QT. Ni mbali, lakini mlango uujue mapema.

Mshona Kofia, Fuoni

Mwalimu, Allah akulipe. Nilirudi Jumanne saa tatu. Wa miaka saba wana chumba chao, kidogo, watoto kumi na wanane, na mwalimu alikuwa kakaa chini anagawa shanga na wavulana wawili. Darasa la nne na kuendelea ni madeski, hawakunificha.

Kaka wa Bububu, hilo la barazani limenikata maneno. Wangu keshaanza kukaa pale.

Nimezungumza na baba yake. Tunampeleka mpaka darasa la tatu, na kofia mbili za kila mwezi zitakuwa za ada. Ijumaa na Jumamosi tutapima mchele nyumbani. Nimeshamwambia. Kauliza kama chumba kipya nacho kina mkeka wake peke yake, nikamwambia upo. Jana usiku kaiweka sare mwenyewe juu ya kiti.