Mpenzi wa nyama choma anaweza kuacha nyama kabisa akiwa Dodoma?

Mkazi wa Area C:
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa wanaolijua hili jambo vizuri. Nyama kwangu ni asubuhi na jioni: supu na chapati kabla ya kazi, mbuzi choma wikiendi, na Jumamosi nikipata nafasi ni mnada wa Msalato. Nataka kuacha nyama zote, kuku na samaki wakiwemo. Mayai na maziwa nitaendelea navyo. Nina kilo 70. Je, inawezekana kwa mtu anayeipenda nyama hivi? Nile nini nisiishiwe nguvu? Na kwa nini wengi wanaojaribu hurudi?

Lishe Kwanza:
Inawezekana mkuu, tena kwa vyakula vya soko la Majengo tu. Wengi hurudi kwa sababu wanaondoa nyama kwenye sahani halafu hawaweki kitu mahali pake. Unabaki ugali wa sembe na mchicha. Saa mbili baadaye njaa inauma, na lawama zote anabebeshwa mchicha. Nyama ilikuwa inaleta protini na mafuta, na hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu akae na shibe.

Hesabu yake ni hii. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo wewe ni gramu 56 kwa siku. Kikombe cha maziwa kina gramu 8 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, cha choroko 14. Ugali wa dona wa unga gramu 200 unakupa kama 16, na konzi ya karanga 7. Jumla 60, bila hata yai. Ukiona siku imepita bila jamii ya kunde yoyote, ujue umekosea, hata kama tumbo limejaa.

Usichokipata kwenye mimea ni vitamini B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Vikombe viwili vya maziwa na yai moja vinafikisha, ila inabidi iwe kila siku, si ukikumbuka. Tatizo lake ni kwamba ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huchelewa kuonekana. Unakuja na ganzi miguuni, ulimi kuuma na uchovu usioisha. Na usijitibu kwa vidonge vya foliki asidi peke yake: wingi wa damu unaweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ukiacha na maziwa siku moja, hapo tumia vidonge vya B12 bila mjadala.

Madini ya chuma nayo yana masharti. Yale ya kwenye maharage na majani mwili huyapokea kwa shida, na chai ya mezani inazidisha shida hiyo. Sogeza chai saa moja au mbili mbali na mlo. Badala yake kunywa juisi ya ubuyu, au kamulia ndimu kwenye mboga, maana vitamini C inasaidia chuma kupokelewa. Unga wa ubuyu ukoroge kwenye uji ukishaepuliwa, usiuchemshe.

Mpishi Majengo:
Naongezea upande wa jikoni, kwa sababu hapo ndipo watu wanakata tamaa. Maharage nusu kilo yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi, asubuhi mwaga hayo maji na usuuze. Gesi ya tumboni inapungua sana. Kisha yachemke kwa moto mkali dakika 10 au zaidi ndipo upunguze. Maharage mekundu yasipochemka vizuri yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na moto mdogo tangu mwanzo hauiondoi.

Huku kwetu kuna shida nyingine: maji ya visima vingi ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Yanakaza ganda la maharage, unamaliza mkaa na bado hayajaiva. Tumia maji ya mvua kama unayo. Kama huna, weka magadi kidogo, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo. Ukizidisha, mboga inakuwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 inapotea. Nyanya na ndimu visiingie kabla maharage hayajalainika, vinayachelewesha.

Sasa ladha. Anayependa nyama anapenda chumvi, mafuta na ile rangi ya kuungua kidogo. Kaanga vitunguu hadi viwe kahawia kabisa, tia kitunguu saumu, kisha nyanya, na usiziache hadi mafuta yajitenge pembeni. Hapo ndipo maharage yanaingia. Watu wengi wanamwaga nyanya mbichi dakika tano za mwisho halafu wanasema maharage hayana utamu.

Mkulima wa Kongwa:
Mlenda wa kukausha na karanga, kwa ugali wa uwele. Wagogo wana kitoweo hiki miaka yote, sijui kwa nini watu wanakiruka. Uliza tu kama hakijatiwa dagaa.

Ila ndugu, ukiongeza karanga na mahindi, jihadhari na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo hapa Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi. Kupika hakuimalizi. Nunua karanga nzima, chambua kwa mkono, tupa zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu. Unga wa karanga uliosagwa tayari sikushauri, maana mbovu zimeshafichwa humo. Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta.

Mkazi wa Area C:
Shukrani sana wakuu. Na wenzangu wakiwasha mkaa, mimi nichome nini?

Mpishi Majengo:
Nyama ya soya, ile ya vipande vikavu. Loweka kwenye maji ya moto yenye chumvi dakika 15, kisha kamua kwa nguvu, suuza, kamua tena. Usipokamua inabaki kama sponji, harufu ya soya inakaa na viungo haviingii. Ipake tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, pilipili na mafuta ya alizeti, iache saa moja, tunga kwenye vijiti pamoja na hoho na vitunguu. Makaa yawe yametulia, si ya ndimi za moto, kwa sababu haina mafuta yake na inakauka haraka. Paka mafuta kila unapogeuza, dakika 8 hadi 10 inatosha. Na omba upande wako wa wavu, la sivyo mafuta ya mbuzi yatadondokea mishikaki yako. Biringanya nazo zinakubali, vipande vya unene wa kidole, zipake chumvi nusu saa kabla na uzifute maji.

Lishe Kwanza:
Kwenye shughuli uliza pilau mapema, mara nyingi imepikwa na supu ya nyama. Na kabla hujaanza, pima wingi wa damu, kisha rudia baada ya miezi mitatu.