Mjadala: Mtu kauawa ndani ya kambi ya waliojitenga porini, polisi wavamie au wakae nje wangoje?

Wakuu, hili swali linanisumbua siku nyingi, naomba tulijadili kwa hoja na sio kwa hasira.

Kuna watu wanaamua kuachana na mji kabisa, wanaenda kuishi porini mbali huko, wanajenga kwa mikono yao, wanawinda, wanaweka akiba ya chakula cha miaka na silaha juu yake, wakiamini siku inakuja serikali na uchumi vyote vitaanguka na atakayebaki ni yule aliyejiandaa. Marekani wapo wengi, Idaho, Montana, Alaska, milima ya Arkansas. Wengi wao hawana ugomvi na mtu na wala siji hapa kuwasema vibaya. Sasa siku moja anauawa mtu humo ndani. Kila mtu ana bunduki, nusu yao hawaitambui hata hiyo mahakama, barabara hakuna, simu hakuna. Mpelelezi afanye nini?

Najua wengi mtasema waingie tu, kauawa mtu bwana, sheria haina mlango wa nyuma. Hata mimi nilikuwa upande huo huo. Nimehama baada ya kuzisoma hizi kesi moja moja, na msimamo wangu sasa ni huu: kama ndani hakuna mtu aliye hai ambaye maisha yake yako hatarini saa hiyo, wasivamie. Wazingire, wazungumze, wangoje hata miezi. Na sisemi hivyo kwa kumwonea huruma muuaji, nasema hivyo kwa sababu nataka ajulikane na afungwe.

Kwa nini? Kwa sababu kesi ya porini haisimami kwa vitu, inasimama kwa watu. Mjini una kamera, una rekodi za simu, una jirani aliyesikia kelele, una daktari anayefika ndani ya saa moja. Porini mpaka habari itoke nje siku zimeshapita. Mvua imeosha damu, theluji imefunika nyayo, wanyama wameshafika kwenye mwili. Masalia ya baruti kwenye mikono ya aliyefyatua hayadumu, mtu akinawa na kushikashika vitu ni saa chache tu yameisha. Kwa hiyo wale wanaosema "wakichelewa ushahidi utapotea" naomba waelewe kwamba ule ushahidi unaopotea haraka umeshapotea kabla polisi hawajawasha hata injini ya ndege. Na ule unaobaki unabaki kweli, mfupa uliopigwa risasi haufichi alama yake, udongo wa kaburi lililochimbwa kwa siri unatitia na majani yanaota tofauti na ya pembeni, mbwa waliofundishwa wananusa kaburi la muda mrefu tu. Hivyo vyote vinakusubiri. Asiyekusubiri ni shahidi ukishamgeuza kuwa adui, au ukishamuua.

Angalieni Ruby Ridge, Idaho, Agosti 1992. Hii haikuwa kambi, ilikuwa familia moja ya Randy Weaver kwenye kibanda juu ya mlima, ila ndo kesi inayoonyesha vizuri zaidi nachosema. Ilianza na shotigani mbili zilizokatwa mitutu ambazo Weaver alimuuzia mtoa habari wa serikali mwaka 1989. Akapewa tarehe ya mahakama, alafu barua moja ya ofisi ikamwandikia tarehe nyingine, Machi 20 badala ya Februari 20, 1991. Hakutokea, ikatoka hati ya kumkamata, akabaki juu ya mlima na mke na watoto mwaka mzima na nusu. Tarehe 21 Agosti 1992 maafisa 6 wa Marshal, yaani askari wa mahakama za serikali kuu, wakapanda kuchunguza eneo, mbwa wa familia akawanusa, ikawa risasi. Akafa afisa mmoja, William Degan, na akafa mtoto wa kiume wa Weaver, miaka 14, kapigwa kwa nyuma.

Hapo sasa mna mauaji mawili ya kuchunguza, na ya afisa wa serikali ni jambo zito kabisa. Kilichofuata kikaharibu kila kitu. FBI walikuja na kanuni mpya za kufyatua, kwamba mwanaume yeyote mzima atakayeonekana na silaha nje anaweza na anapaswa kupigwa. Kesho yake mdunguaji akampiga mke wa Weaver akiwa nyuma ya mlango kambeba mtoto wa miezi 10. Mama yule hakuwa mtuhumiwa wa kumuua afisa. Alikuwa ndani ya nyumba yake. Siku 11 ukaisha ule mzingiro, kesi ikaenda mahakamani 1993, na juri ikamwachia Weaver na rafiki yake aliyekuwa naye mlimani shtaka la kumuua Degan. Weaver alibaki na kosa la kutokufika mahakamani na kuvunja dhamana, basi. Jaji akaipiga FBI faini kwa kuchelewesha nyaraka. Mwaka 1995 serikali ikakubali kulipa familia dola milioni 3.1. Na afisa mmoja wa juu wa FBI akaja kukiri kwamba aliharibu ripoti ya ndani kuhusu tukio lile, akafungwa.

Nani alianza kufyatua siku ile msituni? Mpaka leo watu wanabishana. Maafisa waliofundishwa walikuwepo pale, na bado jibu halikupatikana ambalo juri nzima ingelikubali. Mjane wa Degan na watoto wake hawakupata haki na wana wa Weaver hawakumpata mama yao. Mimi nikisikia mtu anasema nguvu ndo inaleta haki kwa marehemu namuuliza, marehemu gani?

Sasa linganisheni na Arkansas, Aprili 1985. Kundi la James Ellison, kambi ya ekari 224 hivi karibu na mpaka wa Missouri, mabomu ya kutengeneza wenyewe, bunduki za kumwaga risasi, na pipa la sianidi ambayo ilikuwa ya kutia sumu maji ya miji. Hawakuwa watu laini hata kidogo. Mwenzao mmoja, Richard Snell, alikuwa ameshamuua mfanyabiashara mwaka 1983 na askari wa barabarani mwaka 1984. FBI walizingira, wakafanya jambo moja tu kwa subira, wakazungumza. Siku kama 4 Ellison akatoka na watu wake, hakuna aliyekufa. Na huyo huyo Ellison baadaye alisimama kama shahidi wa serikali kwenye kesi ya uasi kule Fort Smith mwaka 1988. Nakubali, juri iliwaachia wale washtakiwa, sitaki kuificha hiyo. Ila kiongozi wa kambi alikuwa hai, anaongea, na upekuzi ulifanyika kwa utulivu kila kitu kikiwa mahali pake.

Narudi baada ya kusoma maoni yenu, kuna matatu nataka kuyajibu.

Wa kwanza kasema: "Mkuu, kukiwa na mauaji polisi wana haki ya kuingia popote, mambo ya hati ya upekuzi ni ya wezi wa kuku." Hapana ndugu yangu. Kwa sheria ya Marekani, Mahakama ya Juu kabisa yao ililimaliza hilo mwaka 1978 kwenye kesi ya Mincey dhidi ya Arizona, ambako polisi walikaa siku 4 wakipekua nyumba ya mtu bila hati kwa hoja hiyo hiyo kwamba ni eneo la mauaji. Mahakama ikasema mauaji peke yake hayaondoi hitaji la hati. Unaweza kuingia haraka kuokoa majeruhi au kuangalia kama muuaji bado yumo, ukimaliza hilo unasimama, unaomba hati kama wengine. Na ona ilivyo na akili, inagawa pale pale ninapogawa mimi, kuokoa aliye hai ni dharura, kukusanya ushahidi wa aliyekufa sio dharura. Ukikiuka ndo unampa wakili wa muuaji zawadi.

Wa pili, huyu dada kaandika kwa uchungu na hoja yake ndiyo imenilaza macho: "Na watoto je? Unangoja miezi wakati ndani kuna mtoto anapigwa?" Dada yangu, uko sahihi na nimesema toka juu, aliye hai na yuko hatarini anabadilisha kila kitu. Rulo, Nebraska, 1985. Shamba la Michael Ryan, kundi la wanaojiandaa na vita vya mwisho wa dunia, yeye akidai anapewa amri na Mungu. Mtoto wa miaka 5 aliuawa pale, na mwanaume wa miaka 26 akateswa mpaka akafa, mambo ambayo siyaandiki hapa. Polisi walikuwa wanafuatilia mashine za kilimo zilizoibiwa, na miili ilikuja kufukuliwa Agosti, miezi baada ya vifo. Kama kuna mtu nje angejua kinachoendelea mle, hata mimi ningesema vunjeni geti usiku huo huo. Hakuna hoja ya subira mbele ya mtoto anayeteswa, na anayeileta hapo hajui anachotetea.

Lakini dada, tazama pia Ryan alivyofungwa. Miili ilisema walikufaje, ila waliosema nani alitoa amri na nani alishika nini ni wafuasi wake wenyewe, watu waliokuwa mle mle, baadhi yao na mikono yao ikiwa na damu. Akahukumiwa kifo, akafia gerezani mwaka 2015 bila kunyongwa. Wale wafuasi wangeuawa getini na kikosi maalumu, Ryan angesimama peke yake mahakamani aseme lolote atakalo kuhusu watu ambao hawawezi kumjibu. Kwa hiyo hata pale pa kuingia kwa nguvu, waingie kwa lengo la kuwatoa watu wakiwa hai, wote, mpaka wale unaowachukia.

Wa tatu kasema hawa watu wa porini hawatasema kamwe, wanalindana, ukingoja utangoja mpaka uzeeke. Hapa nadhani tunachanganya watu. Tuchukue Alaska. McCarthy, Machi 1, 1983, kijiji cha watu kama 22 tu wakati wa baridi, Louis Hastings aliwaua 6 siku ambayo ndege ya barua ilikuwa inakuja. Walionusurika ndo waliofikisha habari na yeye akakamatwa siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata Manley Hot Springs, Mei 1984, watu wanaenda mtoni kwenye maegesho ya boti hawarudi, mmoja baada ya mwingine. Wanakijiji wenyewe ndo waliounganisha mambo, huyu mgeni Michael Silka yupo pale mtoni na wenzetu hawaonekani, wakawaita askari. Silka alitafutwa kwa helikopta, akamuua askari mmoja na yeye akauawa. Baadhi ya miili ilichukuliwa na mto na haikupatikana. Hawa nao walikimbilia pori, wanawinda, hawapendi serikali iwaingilie, lakini mwenzao alipouawa walisema mara moja, tena haraka kuliko watu wengi wa mjini ambao wanasikia kelele kwa jirani wanaongeza sauti ya tv. Na Manley haikuwa ya kungoja kabisa, muuaji yuko kwenye boti na silaha na kila saa anaweza kukutana na mtu mwingine. Hapo ukimfuata simlaumu mtu.

Kinachowafunga midomo ni hofu ya nani. Mtu wa kambini anamwogopa kiongozi wake, sawa. Ukija na magari ya deraya umempa sababu ya kukuogopa wewe kuliko kiongozi, na kila alichohubiriwa miaka yote kwamba serikali itakuja kutuua, umekuja kukithibitisha mwenyewe kwa macho yake. Ukikaa mbali siku 20, siku 40, unapeleka simu, unapeleka mama mzazi aongee kwa kipaza sauti, unaruhusu watoto watoke bila masharti, yule kijana anayejua mwili umezikwa wapi anaanza kulala vibaya. Montana mwaka 1996 walikaa siku 81 nje ya shamba la wale waliojiita Freemen, watu wakapiga kelele za gharama, na waliokuwa ndani wakatoka wenyewe. Ile haikuwa kesi ya mauaji, najua, ila walikuwa na silaha na itikadi ile ile, na ilikuja miaka minne tu baada ya Ruby Ridge, na miaka mitatu baada ya Waco, ule mzingiro wa kambi ya dhehebu moja Texas, ambako ilikuwa siku 51 na mwisho wake moto, watu zaidi ya 70 na watoto ndani yao.

Na wewe mkuu uliyeandika kwamba kambi ivamiwe kwa helikopta na mabomu ya machozi, nimeisoma pia post yako ndefu, nakuheshimu, ila sijaona mahali umeniambia baada ya kuvamia na watu 9 wamelala chini, utamuuliza nani ni nani kati yao aliyemuua yule wa kwanza. Nijibu hilo tu, tuendelee.