Naombeni ushauri: bosi hataki gari ilazwe kabla haijaharibika

Injinia_Likoni:
Habari za jioni ndugu zangu. Nafanya kazi na kampuni moja ya matatu hapa Mombasa, jina naliacha. Barua yangu ya kazi imeandika relaiabiliti injinia. Nyumbani wakiniuliza nawaambia ni injinia wa uaminifu wa magari, maana lililoharibika ni la makanika, yangu mimi ni kujua lipi litaharibika wiki ijayo. Nina daftari. Kila gari, kila kilomita, kila kifaa kilichokufa na kilikufa kikiwa na umri gani.

Shida ni hii. Tuna gari 26 zinazopiga Likoni–Ukunda. Hewa ya chumvi inazila paipu za breki, zile nyembamba za chuma zinazopita chini ya chesisi. Ukitazama waona rangi tu. Ukikwaruza na bisibisi, kutu inamwagika kama majani ya chai. Nimeomba tuzibadilishe kwa ratiba, kabla hazijapasuka. Bosi asema gari inayoingiza pesa hailazwi kwa ndoto za injinia. Nimshawishi vipi? Wiki hii sijalala vizuri.

Kaa_La_Moto:
Injinia wa uaminifu! Mke wangu asisome hapa, atataka uje unikague kila kilomita elfu tano.

Shangazi_Mvita:
Mwanangu, umeoa? Asiyelala mara nyingi hana wa kumwambia. Tafuta mtu kwanza, hayo ya paipu yatajileta.

Spana_17:
Usimwendee bosi na kutu, kutu ameizoea tangu kuzaliwa. Mwendee na gari iliyokwama Tiwi saa kumi na mbili asubuhi: gharama ya kuivuta, abiria kurudishiwa nauli, siku nzima imekwenda. Kando yake weka bei ya paipu. Mwache ajumlishe mwenyewe, bosi huamini hesabu ya mkono wake.

Na maji ya breki mwabadilisha lini? DOT 4, aina ya maji ya breki, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230. Lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakifikisha maji asilimia 3.7 yaweza kuchemka kwenye 155 tu. Na unyevu wa pwani hii waujua, shati hata halikauki. Yakichemka ni mvuke, na mvuke hukandamizika. Dereva akanyaga pedeli, mguu wafika chini, gari yaendelea na safari zake.

Injinia_Likoni:
Asante fundi. Hesabu nilimpelekea. Ameifanya kitako cha kikombe.

Binti_Ngombeni:
Kaka, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya ratiba. Hapo kuna gari. Ni ipi?

Injinia_Likoni:
Dada, swali langu ni la bosi.

Baharia_Mstaafu:
Sikizeni vijana. Tarehe 29 Aprili 1994 nilikuwa nivuke na feri ya Mtongwe asubuhi. Nilirudi nyumbani kwa sababu ya kifungo cha shati kilichokatika, na mke wangu alikuwa hajaamka, nikakitafutia sindano mwenyewe, nikajidunga, nikakasirika. Nilipofika kivukoni, watu wamejipanga ukingoni hawasemi. Feri ya watu 300 ilipakia kama 400, ikazama. Walikufa 272. Lile shati ninalo mpaka leo. Tangu siku hiyo, chombo kikijaa nashuka. Matatu nashuka. Hata lifti ya hospitali nashuka, napanda ngazi na magoti haya.

Hodari_TUM:
Pole sana mzee. Injinia, samahani, mnachukua wanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini? Niko mwaka wa tatu, mekanikali.

Binti_Ngombeni:
Kaka, gari ni ipi?

Injinia_Likoni:
Haya. Iko moja, namba 17 kwenye daftari langu. Juzi nilikwaruza paipu ya nyuma kushoto, imebaki nyembamba kama karatasi ya sigara. Fomu ya ukaguzi wa wiki nimeisaini iendelee na kazi. Lakini sikuiacha hivi hivi. Nimemwambia dereva asizidi 60, mteremko ashuke na gia, na Ijumaa naibadilisha. Kwa hivyo hali naidhibiti.

Spana_17:
Leo Jumanne. Paipu haijui siku.

Bosi ndiye aliyekulazimisha kusaini?

Dereva_Wa_Zamani:
Ati 60! Kijana, umewahi kukaa kiti cha dereva? Yule wa Ukunda ana mwenzake nyuma anamfukuzia abiria wa Waa. Ukimwambia 60 umemwambia alale njaa. Atakujibu "sawa bosi", akikata kona ashakusahau. Mimi nilikuwa barabarani Februari 2004, sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi, zilipoanza: gavana, kile kifaa cha kuzuia gari isizidi kilomita 80 kwa saa, na mikanda kila kiti. Matatu zilitoweka, watu wakatembea kwa miguu kutoka Changamwe hadi mjini, viatu mkononi. Tulimlaani. Leo nina wajukuu, simlaani tena. Lakini hata gavana yenyewe zilikuwa zikifungwa asubuhi ya ukaguzi, jioni zimefunguliwa. Kama chuma tulikichezea, neno lako la mdomo nani atalishika?

Ustadh_Kibokoni:
Saini ni ushahidi, na shahidi ataulizwa. Na tukiwa hapo, hizo gari za Ukunda na muziki wake, mtu hawezi hata kumaliza nyiradi zake za asubuhi. Injinia, hilo nalo liandike kwenye daftari.

Injinia_Likoni:
@Spana_17 hapana, bosi hata hajui.

Nusu ya gari 17 ni yangu. Nusu ni ya shemeji. Kampuni inaruhusu mtu kuingiza gari yake, tulichukua mkopo mwaka jana. Tarehe tano benki hukata. Ikilala siku tatu wiki hii haitafikisha. Ijumaa itakuwa ishafikisha.

Na msinihukumu. Wenye gari wengine nimewalaza mwaka mzima, wamenitukana, mmoja alinirushia spana. Nikijipa mimi siku tatu kuna ubaya gani? Gari ya mwingine kama hii ningeilaza, nakiri. Lakini hii naijua, nimelala chini yake mara nyingi kuliko kitandani kwangu.

Kaa_La_Moto:
Uaminifu umeisha kilomita.

Shangazi_Mvita:
Shemeji upande gani? Mume wa dadako ama kakake mke? Maana ushauri ni tofauti kabisa.

Tomaso_Haamini:
Jamani mwalishwa hekaya na mwaitafuna. Moja, kanuni za mwaka 2014 zataka kampuni ya matatu iwe na gari 30 au zaidi ipate leseni. Huyu ana 26. Pili, basi ndogo za viti 33 breki ni za upepo, kila abiria husikia ule mlio wa "psss". Paipu ya mafuta imetoka wapi? Tatu, akaunti imefunguliwa jana. Shemeji, mkopo, mteremko, daftari la siri. Kumebaki jini peke yake. Wasimamizi, fungeni uzi huu tulale.

Kaa_La_Moto:
Na mimi nilikuwa nishaanza kumuonea huruma! Nirudishieni huruma yangu.

Hodari_TUM:
Kwa hivyo atachimenti hakuna?

Ustadh_Kibokoni:
Kusema uongo ni dhambi pia. Muziki bado nausimamia.

Spana_17:
Tomaso, hilo la pili umekosea. Isuzu za viti 33 hutumia upepo kusukuma mafuta, yaani yale maji ya breki. Upepo husaidia mguu wa dereva, na kutoka hapo kwenda kwenye gurudumu ni mafuta ndani ya paipu. Mlio ni wa kweli na paipu ni ya kweli. Hilo la gari 30 mwenyewe ajibu.

Injinia_Likoni:
Karatasini ni 31. Zinazotembea 26. Tano ziko juu ya matofali uani, moja ina kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Kazi niliyoandikiwa ni kupunguza hizo tano. Akaunti nimefungua jana kwa sababu kwenye ile ya zamani shemeji ni rafiki yangu.

Tomaso_Haamini:
Kuku nimewapenda. Leta picha ya paipu.

Baharia_Mstaafu:
Kifungo chenyewe kilikuwa cha bluu.

Binti_Ngombeni:
Iwe hekaya isiwe hekaya, nina jambo moja. Mamangu huenda soko la Ukunda kila Jumatano, alfajiri. Hajui gari namba ngapi. Hupanda inayokaribia kujaa, asingoje. Kesho ni Jumatano. Mimi nimwambie apande ipi, kaka? Ile ya pazia gani?

Shangazi_Mvita:
Haya, mjibu mtoto wa watu.

Dereva_Wa_Zamani:
Amenyamaza.

Kaa_La_Moto:
Yuko kwa shemeji wanatunga sehemu ya pili.

Injinia_Likoni:
Saa tano na nusu hii. Nimetoka kwa dereva, funguo ninazo mfukoni. Hakubisha, alisema afadhali kesho atalala. Kumbe naye pedeli alikuwa akiisikia laini tangu Jumapili, akaniogopa kuniambia kwa sababu gari ni yangu.

Ile fomu siwezi kuirudisha, iko kabatini ofisini. Asubuhi naandika nyingine. Bosi atauliza kwa nini ziko mbili na sijui nitamwambia nini. Shemeji amepiga mara tisa sijapokea. Sasa dada yangu ndiye aliyeanza kupiga.

Shangazi_Mvita:
Ahaa, mume wa dada! Pokea ya dada. Ya mumewe iache mpaka asubuhi.

Binti_Ngombeni:
Asante kaka. Na za kule kwenye ratiba ambayo bosi ameikataa, hizo nyingine 25?

Spana_17:
Injinia, usirudishe paipu ya chuma. Chukua ile ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ghali kidogo, chumvi haiiwezi. Na usibadilishe ya kushoto peke yake. Ya kulia ni pacha wake, zimekula bahari ileile. Ukimaliza toa upepo kwenye mafuta, gurudumu moja moja, hata kama shemeji amesimama getini.

Tomaso_Haamini:
Picha bado.