Nimechomwa sindano kazini, msimamizi hataki iandikwe. Naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa usafi kwenye zahanati ya mtu binafsi, Dar. Jumatatu nilikuwa natoa boksi la sindano. Lilijaa hadi juu, wakati linatakiwa kufungwa likifika robo tatu. Sindano ikapenya glavu, ikanichoma kidole. Nilinawa kwa maji na sabuni, na siku hiyohiyo nikaanza PEP (dawa za kuzuia maambukizi ya VVU) kituo kingine, maana haitakiwi kuvuka saa 72. Nameza siku 28.

Chanjo ya homa ya ini B sijawahi kupewa, wala wenzangu. Bado naweza kuchanjwa?

Msimamizi anasema nisiandike popote. Nina mtoto ananyonya, usingizi sipati. Je, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi watanisikiliza mwajiri akikataa kutoa taarifa?